UKURASA WA MAFUNZO: Kiingereza cha Katibu na Maneno Yenye Nyuso Mbili



Kurasa hizi kwa kawaida hushughulika na mizani, vitabu vya hesabu na uandishi wa kumbukumbu za mikutano. Safari hii twaingia katika jambo ambalo wengi huliona kuwa ni la shule wala si la ushirika, nalo ni msamiati wa Kiingereza. Si ule wa kuamkiana na kuuliza bei, bali ule wa juu, unaokaa ndani ya mikataba, taarifa za ukaguzi na barua za wanunuzi.

Yawezekana mtu akauliza: Kiingereza cha nini, ilhali mikutano yetu yote huendeshwa kwa Kiswahili, na tangu mwaka 2021 sheria ya Tanzania imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama? Swali hilo ni la haki. Jibu lake ni kwamba mnunuzi wa kahawa aliyeko Hamburg au Trieste hatuandikii Kiswahili. Bima ya shehena, masharti ya cheti cha kilimo hai, na mikataba mingi ya mauzo ya nje huletwa kwa Kiingereza. Karatasi hizo zikifika chamani, mtu wa kwanza kuzishika ni katibu. Akizielewa nusu, bodi itazielewa robo, na wanachama watatia dole gumba juu ya jambo wasilolijua kabisa.

Basi tuulizane, msamiati wa juu ni upi? Wapo wanaodhani kuwa ni maneno marefu. Katibu wa namna hiyo huanza barua kwa heshima tatu na kuimaliza kwa kujiita mtumishi mtiifu wa mwandikiwa, kama walivyokuwa wakiandika makarani wa Bwana Shauri enzi za ukoloni. Barua hiyo hupendeza kuisikiliza, lakini haijapata kuongeza senti moja katika bei ya kilo ya kahawa. Kwa maoni yetu maneno marefu si ya kuogopwa, kwa kuwa msomaji akikutana nalo hujua mara moja kwamba halijui, naye hulitafuta katika kamusi. Neno la hatari ni lile fupi, la kila siku, ambalo katibu aliamini amekwisha kulijua tangu kidato cha pili.

Chukueni neno "several". Kila aliyepita shule ya sekondari atasema maana yake ni "kadhaa". Sasa tuseme chama cha msingi kinaomba mkopo wa shilingi milioni 12, na wajumbe 6 wa bodi watakiwa kutia sahihi kuwa wadhamini. Katika fomu yameandikwa maneno "jointly and severally liable". Katibu anawafasiria wenzake: "Tutadaiwa kwa pamoja, kila mmoja sehemu yake." Kila mjumbe anapiga hesabu kichwani. Milioni 12 kwa watu 6 ni milioni 2 kwa kila mtu. Mambo yakiharibika, atauza ng'ombe na kulipa. Wanatia sahihi.

Kumbe "severally" katika lugha ya sheria imebaki na maana yake ya kale, yaani "kwa kutengwa", na asili yake ni Kilatini, katika ukoo mmoja na "separate". Tafsiri sahihi ni "kwa pamoja na kila mmoja peke yake". Mkopeshaji ana haki ya kumfuata mjumbe mmoja tu, yule mwenye nyumba ya matofali au shamba kubwa, na kumdai milioni 12 zote. Akisha kulipa, ni juu yake mwenyewe kuwasaka wenzake 5 ili wamrudishie. Tofauti kati ya "sehemu yake" na "peke yake" ni neno moja la Kiswahili, lakini kwa mjumbe huyo ni shilingi milioni 10.

Neno la pili ambalo makatibu hawana budi kulijua vema ni "qualified". Twalijua: "a qualified accountant" ni mhasibu mwenye sifa, aliyefuzu. Kwa hiyo inapofika taarifa ya mkaguzi wa hesabu yenye maneno "qualified opinion", si ajabu mtu akasimama mbele ya Mkutano Mkuu na kutangaza kwa furaha kwamba hesabu za chama zimepata hati ya waliofuzu, na wanachama wakapiga makofi. Wanayoipigia makofi ni hati yenye shaka. Mkaguzi amesema kuwa hesabu ziko sawa isipokuwa katika mambo fulani, na ameyataja: pengine stakabadhi hazikuonekana, pengine mazao yaliyomo ghalani hayakuhesabiwa mbele yake.

Imekuwaje neno moja likasifu mtu na kutia doa hesabu? Kitenzi "qualify" chatokana na neno la Kilatini lenye maana ya "wa namna gani". Kukipa kitu namna yake ni kukiwekea mpaka. Mhasibu ametengwa na watu wengine kwa sifa zake, hilo ni jema kwake; kauli ya mkaguzi imewekewa mpaka na masharti, na hilo ni baya kwetu. Ndiyo sababu "an unqualified clerk" ni karani asiye na sifa, ambapo "an unqualified opinion" ndiyo hati safi ambayo kila chama huiomba. Viwango vya kimataifa vya ukaguzi siku hizi huiita hati hiyo "unmodified", lakini neno la zamani lingali likitumika sana. Zipo nyingine mbili zilizo nzito zaidi: "adverse", yaani hati isiyoridhisha, ambapo mkaguzi asema wazi kwamba hesabu hazionyeshi ukweli; na "disclaimer", ambayo kwetu huitwa hati mbaya, ambapo mkaguzi ameshindwa hata kutoa maoni kwa kukosa ushahidi. Wanachama wana haki ya kuambiwa kwa Kiswahili fasaha ni ipi kati ya hizo nne waliyopewa.

Baada ya hayo mawili, mengine twaweza kuyapitia kwa haraka zaidi. "Outstanding" ni sifa kubwa kwa mwanafunzi, lakini "outstanding loans" ni mikopo ambayo haijalipwa. "Security" si askari wa getini tu, bali pia dhamana ya mkopo. "Sanction" ni neno la ajabu kidogo, kwani hubeba idhini na adhabu kwa pamoja: Mrajis aki-"sanction" mkopo ameuruhusu, ila "sanctions" zikitajwa katika mkataba ni hatua za kuadhibu. "Party" katika mkataba si chama wala karamu. Ni upande mmoja wa mapatano. Na "may", ambayo shuleni tulifundishwa kuwa ni "huenda", katika mkataba ni haki kamili. "The buyer may reject" haisemi kwamba huenda mnunuzi akakataa mzigo. Yasema ana ruhusa ya kuukataa, akipenda.

"Interest" yahitaji kituo kirefu zaidi. Ina hamu, ina riba, na ina maslahi. Tuseme bodi inajadili zabuni ya kusafirisha mazao, na mmoja wa wajumbe ana shemeji mwenye lori aliyeomba kazi hiyo. Mjumbe anasimama na kueleza undugu huo, kisha anatoka nje. Kwa Kiingereza hiyo ni "to declare an interest". Katibu mwenye maana moja tu kichwani, akiipokea sentensi hiyo katika barua kutoka nje, ataifasiri kuwa mjumbe alitangaza kuvutiwa na zabuni, na hivyo mtu aliyetenda haki kabisa ataonekana katika kumbukumbu kuwa mlafi.

Wenzetu wa vyama vinavyouza moja kwa moja ng'ambo waongeze na neno "free". Katika "free on board" hakuna cha bure. Ni sharti la biashara la kimataifa, mojawapo ya yale yaliyokusanywa mara ya kwanza na Chama cha Wafanyabiashara cha Kimataifa cha Paris mwaka 1936 na kurekebishwa mara kadhaa, mara ya karibuni ikiwa ni toleo la 2020. Maana yake ni kwamba muuzaji atabeba gharama na hasara zote mpaka mzigo uwe ndani ya meli katika bandari iliyotajwa. Anayekubali bei ya "free on board Dar es Salaam" amekubali kulipia lori, ghala la bandarini na upakiaji. Bei ya "ex warehouse" ni nyingine kabisa, kwani "ex" hapa ni "kutoka": mnunuzi atauchukua mzigo mlangoni pa ghala letu. Bei ya pili ikiwa ndogo kuliko ya kwanza, haifuati kwamba ni mbaya. Lazima kwanza ipigwe hesabu ya njia nzima.

Maneno haya yote yakitazamwa moja moja yatachosha, kwa hiyo inafaa kujua asili ya lugha yenyewe. Mwaka 1066 Wanormani kutoka Ufaransa waliiteka Uingereza. Kwa karne kadhaa baadaye Kifaransa kilikuwa lugha ya mabwana na mahakama, Kilatini lugha ya kanisa na kumbukumbu, na Kiingereza kikabaki kwa wakulima. Mpaka leo mambo ya fedha na sheria husemwa kwa maneno yaliyotoka kwa mabwana hao. "Credit" ni kuamini; "debit" ni kudaiwa; "dividend" ni kitu cha kugawanywa. "Audit" ni kusikiliza, kwa sababu zamani hesabu zilisomwa kwa sauti mbele ya mkaguzi, naye akatega sikio. "Minutes" za mkutano si dakika za saa. Zatokana na mwandiko mdogo wa haraka ambao karani aliutumia kabla ya kunakili nakala safi. Anayejua kwamba "credit" ni imani hatashangaa akikutana na "creditor", "credible" wala "accredited". Amenunua neno moja, akapewa matatu nyongeza.

Kutokana na mchanganyiko huo, wanasheria wa Kiingereza walizoea kuandika maneno mawili kwa jambo moja, moja la wakulima na moja la mabwana, ili asibaki mtu wa kudai hakuelewa. "Goods and chattels" ni mali tu. "Will and testament" ni wosia tu. Msipoteze mafuta ya taa kutafuta tofauti. Lakini angalieni: "jointly and severally" si jozi ya namna hiyo. Pale kila neno lina kazi yake, kama tulivyoona.

Wala si kila neno la Kiingereza ni mgeni kwetu. "Coffee" na "sugar" ni kahawa na sukari, na sote twajua kwamba Waarabu ndio waliotupa sisi na wao. "Tariff", yaani orodha ya ushuru, ni ndugu ya taarifa. Zote mbili zimetoka katika neno la Kiarabu la kujulisha. "Magazine" ilikuwa ghala kabla ya kuwa jarida, na shina lake ndilo shina la hazina. Jina hilo lilipewa jarida mwaka 1731 huko London, kwa kulifananisha na ghala la habari. Mweka hazina wa chama na gazeti hili mlishikalo ni jamaa, ingawa mmoja wao hana ufunguo wa kasha.

Ndugu mwingine wa ukoo huo wa Kiarabu hukaa mizanini. "Tare" ni uzito wa gunia tupu au chombo, na katika Kiarabu ni kitu cha kutolewa katika hesabu. "Gross" ni uzito pamoja na gunia, na "net" ni uzito wa zao lenyewe. Gunia tupu likiwa na kilo moja, shehena ya magunia 300 ina kilo 300 zisizo kahawa. Katibu asiyejua neno lililoandikwa juu ya safu ipi, ama atamlipa mkulima kwa magunia, ama atamwachia mnunuzi akate uzito huo mara mbili.

Kujua maana peke yake hakutoshi. Maneno ya Kiingereza, kama watu, huenda na wenzi wao. Sisi husema "kupiga kura" na "kupiga pasi", na mgeni akisema "kutenda kura" tutamwelewa huku tukicheka. Kiingereza nacho husema "pass a resolution", "second a motion", "raise a loan", "call a meeting", na ukibadili kitenzi umeharibu. Vijineno vya nyuma ya kitenzi ndivyo vyenye hila zaidi. "Pay in" ni kuweka fedha benki, "pay out" ni kuzitoa, "pay off" ni kumaliza deni, na "a paid-up member" ni mwanachama aliyekamilisha hisa au ada yake. "Write down" ni kuandika, tena katika hesabu ni kupunguza thamani ya mali vitabuni. "Write off" ni kufuta deni lisilotarajiwa kulipwa. Karani atakayechanganya haya mawili ya mwisho amewasamehe wadaiwa wa chama bila idhini ya mkutano.

Hata wenye lugha hukosana. Kwa Mwingereza "to table a motion" ni kuileta hoja mezani ijadiliwe. Kwa Mmarekani ni kuiweka kando. Winston Churchill alisimulia katika kumbukumbu zake za Vita Kuu ya Pili jinsi wakuu wa majeshi ya nchi hizo mbili walivyobishana kwa muda mrefu juu ya karatasi moja, kumbe pande zote zilitaka jambo lile lile. Chama kikipata barua kutoka Marekani, neno hili litazamwe mara mbili.

Sasa njia ya kujifunza. Michael West alichapisha mwaka 1953 orodha ya maneno kama 2,000 ya Kiingereza yatumikayo zaidi, na maneno hayo hufikia karibu asilimia 80 ya maandishi ya kawaida. Hizo ni habari njema. Habari ngumu ni za Paul Nation wa New Zealand, aliyekadiria mwaka 2006 kwamba kusoma vitabu na magazeti bila msaada kwahitaji koo 8,000 hadi 9,000 za maneno. Katibu mwenye umri wa miaka 45, mwenye shamba la kulima na watoto wa kusomesha, asijitwishe mzigo huo. Anachohitaji ni yale 2,000 ya msingi, na juu yake mamia machache ya biashara yake mwenyewe, basi.

Hayo mamia machache hayamo katika vitabu vya hadithi. Yamo katika jalada la chama. Toeni taarifa ya ukaguzi ya mwaka jana, mkataba mmoja wa mauzo na fomu moja ya mkopo. Kila wiki chagueni maneno 5, na kwa mwaka yatakuwa 260. Msiandike neno pekee na tafsiri yake mbele, kama tulivyofanya shuleni, kwa sababu hapo ndipo "several" ilipogeuka "kadhaa" milele. Nakilini sentensi nzima, na chini yake maana ya neno katika sentensi ile. Likionekana tena kwa maana nyingine, ongezeni sentensi ya pili.

Kwa kamusi, ile ya Kiingereza-Kiswahili iliyotolewa na TUKI mwaka 1996 yafaa kwa kuanzia. Aliyepiga hatua atumie pia kamusi ya wanafunzi ya A. S. Hornby, aliyoitunga alipokuwa akifundisha Japani na ambayo Oxford iliichapisha mwaka 1948. Imerekebishwa mara nyingi tangu hapo. Hornby aliwaandikia wageni wa lugha, kwa hiyo huonyesha neno pamoja na wenzi wake. Wenye kamusi katika simu wazitumie, ila wasiridhike na maana ya kwanza inayotokea. Kwa kazi yetu, maana ya tatu au ya nne ndiyo yetu mara nyingi.

Kusahau kupo. Hermann Ebbinghaus, Mjerumani, alijipima mwenyewe na kuonyesha mwaka 1885 kwamba tuliyojifunza hupotea kwa kasi siku za mwanzo, na kurudiarudia kwa vipindi ndiko kunakoyashika. Naye Sebastian Leitner aliieneza katika miaka ya 1970 njia rahisi ya kadi na sanduku. Kateni karatasi ngumu ziwe kadi. Upande mmoja andikeni sentensi ya Kiingereza, upande wa pili maana. Boksi la chaki ligawanywe vyumba vitatu. Kadi mpya hukaa chumba cha kwanza na husomwa kila siku. Mkiipata, huhamia cha pili, kinachosomwa kila wiki. Mkiipata tena, huenda cha tatu, cha kila mwezi. Mkiikosa popote, hurudi mwanzo. Vyama jirani vyaweza kukutana siku ya gulio na kubadilishana kadi, kwani mkataba uliowasumbua hawa leo utawafikia wale msimu ujao.

ZOEZI. Fasirini sentensi hizi kwa Kiswahili ambacho mwanachama asiyesoma Kiingereza ataelewa, kisha mzisome katika kikao cha bodi:

1. The Board noted an outstanding debt of 4 million shillings.
2. The buyer may reject any lot.
3. One member, being an interested party, left the meeting.
4. The auditors issued an unqualified opinion.
5. All weights shown are net.
6. The buyer may set off any sum owed by the Society.

Maneno ya sentensi tano za kwanza yameelezwa hapo juu, isipokuwa "lot", ambalo ni fungu la mzigo linalouzwa kwa pamoja. "Set off" ya sentensi ya sita litafuteni wenyewe. Mkipata "kuanza safari", endeleeni kutafuta.